Kikohozi cha Moteri

Ukitaka kumjua mwanamke aliyetulia kwenye ndoa yake hapa Kashikishi, usiangalie kitenge alichovaa. Mwangalie asubuhi, boti zinaporudi. Amekaa anaanika mihogo au anageuza chisense, vile vidagaa vyetu, juu ya chanja, mdomo unakwenda, anamsema jirani yake bila huruma. Halafu katikati ya neno ananyamaza. Amesikia kitu. Anainuka, anateka sufuria ya maji ya bukari jikoni, yaani anaibandika motoni, anarudi kumalizia umbea wake pale pale alipouachia. Wewe mgeni hujasikia lolote isipokuwa moteri nyingi zinazonguruma huko ziwani. Yeye amesikia moja. Bwana yake anapopanda kutoka ufukweni na dumu la petroli mkononi, maji yanachemka na unga uko tayari kwenye beseni.

Bukari ni ugali. Wabemba wanasema ubwali. Hatujawahi kugombana kwa ajili ya hilo. Tunachogombania ni maji. Mwanamke ambaye bwana yake anafika nyumbani akakuta maji ya baridi, huyo anaambiwa hana masikio. Na mwanamke anayeteka maji kwa moteri isiyo yake, loo, afadhali huyo wa kwanza! Maji yaliyotekwa kwa ajili ya mtu anayefika hayamwagwi. Lazima bukari ipikwe, na yule mwanaume ambaye moteri yake ilikudanganya anaitwa aje kula, pale uwanjani kwako, majirani wamejipanga wanaangalia. Utachekwa wiki nzima. Bwana yako naye atacheka, akishamaliza kununa.

Mimi sikuwahi kukosea hata siku moja. Najisifu, ndiyo, niacheni nijisifu. Moteri ya bwana yangu ilikuwa na kikohozi. Ilikuwa inakuja vizuri, sauti nzito, imetulia, na ikifika karibu na matete ya upande wetu inashuka, inakohoa mara mbili, kho, kho, ndipo inazimika. Hata mwenye kuziba masikio kwa pamba angeijua. Nikisikia kile kikohozi ilikuwa ni kama mtu amenigusa begani.

Nilizaliwa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Shule ilinipa Kiswahili cha vitabu, lakini nikikasirika kinatoka kile cha kwetu. Bwana yangu alikuwa Mbemba wa hapa hapa. Kiswahili alijifunza kwa ajili ya kuuza samaki kwa Wakongomani, akakimalizia kwa ajili yangu. Nilikuwa namfuata mpaka majini namfokea.

"Utatengeneza hiyo moteri siku gani? Inakohoa sawa muzee ya tumbako! Nasikia haya mbele ya batu!"

"Inasikia harufu ya bukari yako, bamayo," anasema, ananiita mama kwa Kibemba chake. "Njo sababu inakohoa."

Anacheka, mimi nampungia mwiko, tunapanda nyumbani. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Kampuni ilikuja kutoka Copperbelt, ikaweka kontena la bluu karibu na bandari. Walitafuta mtu wa kuongea na watu, na mimi ndiye nilikuwa na mdomo: Kibemba kwa wenyeji, Kiswahili kwa wafanyabiashara wa ng'ambo, Kifaransa kidogo cha kumtuliza Mkongomani aliyevaa tai. Wakanipa simu kubwa, meza, na kiti kinachozunguka. Kontena likawa biro yangu, ofisi yangu.

Kazi yenyewe mwanzoni watu hawakuielewa. Kampuni ile haiuzi moteri. Unawaletea ile yako iliyokufa, wanakupa nyingine iliyoundwa upya, nawe unalipia saa inazotembea tu. Yako inapanda lori la samaki kwenda kwenye karakana. Huko wanaifungua yote, wanaiosha, wanapitisha kamera inayozunguka kila chuma na kukipima, na kompyuta inasema kipi bado kina nguvu na kipi kimechoka. Kilichochoka kinayeyushwa. Chenye nguvu kinabandikwa kibandiko cha vidoa vyeusi na kurudishwa kazini, pengine ndani ya moteri nyingine kabisa. Ukikielekezea simu kile kibandiko kinakusimulia: nilikuwa Samfya, nikapelekwa Mpulungu, sasa niko kwako. Na ubavuni mwa kila moteri kuna kisanduku kidogo kinachohesabu saa, kinachosikiliza joto na mtetemo. Boti ikifika penye rezo, mtandao wa simu, kisanduku kinatuma kila kitu kwangu.

"Kwa hiyo moteri ni yenu, siyo yangu," wavuvi waliniambia.

"Ni yetu, na njo muzuri," niliwajibu. "Yule aliyekuuzia zamani alifurahi ikikufia, upate kununua ingine. Sisi ikikufia ni sisi tunalia."

Wakacheka, wakaanza kuleta. Jamani, walileta! Watu wa Kabuta walifunga moteri zilizokufa nyuma ya baiskeli, pale wanapofungaga vikapu vya samaki, wakasukuma njia nzima. Walileta zilizolala chini ya vitanda, zilizogeuzwa viti vya kuku. Mama mmoja mjane alileta ya marehemu wake imefungwa kwenye shuka safi. Nikamwambia maneno matamu niliyofundishwa: chuma hakipendi kulala, mama, kilichokufa kwako kitaamka kwa mwingine. Alinitazama sana, akaniachia moteri, akaikunja shuka yake, akaondoka.

Bwana yangu alikataa. Mimi mke wake ndiye wakala wa kampuni, nazunguka kijiji kizima nawashawishi watu, yeye kila asubuhi anakuja na kile kikohozi chake mbele ya kontena langu! Nilimwambia ananiaibisha. Akasema yake haijafa, kwa nini aizike? Na kweli haikuwa imekufa. Alikuwa anaisafisha kwa mikono yake, kabureta anailoweka kwenye kikombe changu cha chai, basi tunagombana kwa sababu ya kikombe.

Moteri za kampuni zilikuwa nzuri, hilo sitalificha. Wanaume waliacha kulala katikati ya ziwa wakivuta kamba ya moteri isiyowaka. Kisanduku kiliniambia mapema kwamba ya fulani inapata joto, nami nampigia, anaileta kabla haijamwangusha. Hakuna mwanamke wa hapa atakayesema ubaya wa hilo. Lakini ziliundwa upya na mikono ile ile, zikapimwa na kompyuta ile ile, basi zote zikalia namna moja. Zote. Ngurumo moja laini, safi, isiyo na mwenyewe.

Wa kwanza kuanguka alikuwa jirani yangu. Huyu ni Mkongomani mwenzangu, amenizidi umri, namwita yaya, dada mkubwa, na ulimi wake ni wembe. Asubuhi moja alisikia moteri, akateka maji kwa madaha. Kumbe aliyepanda ufukweni ni muuza sabuni kutoka Pweto, tumbo mbele, hajui lolote. Tulimwita, si ndiyo kawaida? Akaja, akanawa, akala bukari yote na samaki wote, akaomba tena. Yaya alikuwa amefunika uso kwa kitenge. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Wiki iliyofuata akaanguka mwingine, halafu mwingine. Ikaacha kuchekesha. Wanawake walinivamia kontenani.

"Mulituiba masikio," yaya alisema. "Yote inalia sawasawa. Mutu atajua bwana yake namna gani?"

Nikawafungulia simu kubwa. Kisanduku kinatuma pia mahali boti ilipo. Kwenye ramani kila moteri ni kidoa cha kijani kinachotembea juu ya maji. Huyu hapa wako, yaya, anatoka Chisenga. Huyu wako yuko karibu na matete. Wakashangilia. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, badala ya kutega masikio walitega macho kwenye mlango wangu. Ya kwangu iko wapi? Anakuya? Nateka maji? Nikawa nawajibu kama karani wa stesheni. Siku moja yaya akanitazama kwa huzuni ambayo sikuizoea usoni mwake.

"Zamani tulikuwa tunamusikia bwana," alisema. "Sasa tunakuuliza weye, paka weye tu."

Sikuona uzito wa maneno yake. Mimi wangu nilikuwa bado namsikia.

Miezi ya mvua serikali inafunga ziwa ili samaki wazae. Nyavu zinakunjwa, boti zinapinduliwa mchangani, na kwetu kwenye kontena ndiyo wakati wa kazi nyingi, maana moteri zote ziko nchi kavu. Ilikuwa katika miezi hiyo. Bwana yangu alikuwa amekaa uwanjani anaziba nyavu, tunabishana kuhusu bati linalovuja. Nilimuuliza kitu, hakujibu. Nikauliza tena kwa ukali. Presha ilikuwa imemwangusha. Tulimfikisha hospitali, wakajitahidi, ikashindikana.

Watu walilia nami vizuri. Wa ng'ambo walivuka na mvua ile ile, wa kanisani waliimba, yaya alilala kwangu mpaka nikamfukuza. Nami nilijiona mwenye nguvu. Ziwa lilikuwa kimya, na kwa kuwa lilikuwa kimya kwa kila mtu, sikujua kwamba mimi nimepewa kimya changu peke yangu. Nilikijua siku ziwa lilipofunguliwa. Asubuhi ile moteri zote zikarudi pamoja, ufukwe wote ukatetemeka, wanawake wakawa wanapiga vigelegele. Mimi nilisimama na sufuria mkononi. Moteri zikapita moja moja. Zikazimika moja moja. Niliendelea kusimama hata baada ya wachuuzi kuanza kupigania bei, na hapo ndipo nililia kama ambavyo sikulia kwenye msiba.

Moteri yake niliiweka jikoni, kile kijumba cha nyasi nyuma ya nyumba, imeegemea ukuta, nikaifunika kitenge changu cha harusi. Nilikuwa naipangusa. Nilikuwa naisemesha, mnicheke mkitaka. Nilikuwa na tamaa moja tu duniani, tamaa ya kijinga, ambayo ukimwambia padri anakuombea: nilitaka kusikia kile kikohozi mara moja tena. Mara moja. Nilijaribu kuvuta kamba. Haikuvutika, ilikuwa imekwama, na mkono wangu ukaota malengelenge bure.

Mvua nyingine ziliporudi, mhandisi wa kampuni alikuja kukusanya moteri. Ni msichana wa Kitwe, angeweza kuwa binti yangu, kichwa chepesi kwa mahesabu, adabu nzuri, ananiita bamayo na kupiga goti akinisalimia. Nilimkaribisha chakula jikoni. Akaona kitenge, akaona umbo lililo chini yake, akaniomba ruhusa, akafunua. Alikwaruza chuma kwa ukucha. Ukucha ukatoka na unga mweupe.

"Bamayo, inaoza," alisema.

"Funika."

"Moyo wake bado mzima, naona. Lakini ikikaa hapa na unyevu huu, mvua zijazo itakuwa ya kuyeyusha tu."

"Nimesema funika! Haiko ya kampuni! Munataka kila kitu, na ya mufu munataka?"

Akafunika. Akamaliza bukari yake, akashukuru, akaenda kulala. Mimi sikulaumu mtu ila ulimi wangu, maana maneno yote niliyomwambia yule mjane wa shuka safi yalirudi kunisuta. Chuma hakipendi kulala, mama. Eti!

Asubuhi nilimfuata. Nikamuuliza ukweli: kabla ya kuifungua, wanaiwasha? Akasema zile zinazoweza kuamshwa, hata zilizokwama, hulainishwa na kuamshwa kwanza. Wanaitumbukiza kwenye tangi la maji, wanaiwasha, na kipaza sauti kinaisikiliza, kisha kompyuta inalinganisha sauti yake na ya moteri yenye afya ili ijue ugonjwa uko wapi.

"Sauti hiyo inahifadhiwa?"

"Yote inahifadhiwa, bamayo. Nitakutumia."

Basi nikaitoa. Nilisaidia kuibeba mwenyewe mpaka kwenye lori, wakailaza kati ya magunia ya chisense. Kitenge sikukirudisha nyumbani. Niliifungia nacho barabara, kama mtoto anayesafiri. Lori lilipoondoka niliingia kontenani nikajifanya nasoma ramani.

Kungoja kulinitesa. Kila simu ilipolia nilirukia. Naam, siku moja mchana, jua kali, bandari imelala, ukaingia ujumbe wa sauti. Nilifunga mlango wa kontena, nikavumilia joto. Nikabonyeza.

Ilikuwa moteri. Ilinguruma, nzito, imetulia, niliitambua ile ngurumo ya mbali. Nikangoja ishuke. Ikashuka. Nikashika meza. Ikazimika, taratibu, kama mtu mwenye adabu anayefunga mlango.

Nikarudia. Nikarudia tena, simu nimeibana sikioni mpaka sikio likauma. Hakuna kikohozi.

Nikampigia yule binti nimewaka. "Umenitumia moteri ya mutu mwingine! Hii siyo yangu!"

"Namba ni yako, bamayo. Nilisimama pale pale walipoiwasha. Kitenge ninacho mimi."

"Basi munaiharibu! Ilikuwa inakohoa. Miaka yote nimekaa nayo ilikuwa inakohoa!"

Akasema atairudisha tangini. Jioni akapiga. Walikuwa wameijaribu ikiwa baridi, ikiwa na moto, kwa petroli nyingi na kwa petroli kidogo. Kompyuta haikuona kasoro yoyote ya namna hiyo. Kabureta ilikuwa safi kuliko za watu wengi, alisema. Aliyekuwa anaitunza aliipenda. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa namuuliza kila mteja wa kontena langu, la kwanza kabisa, kabla hajakaa.

"Inakohoa wakati gani, bamayo?"

"Akifika kwetu. Pale kwenye matete."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na akiondoka? Au akifika kwa watu wengine?"

Nilikuwa nimepanda naye kwenda Chisenga. Nilikuwa nimevuka naye kwenda Kilwa kuwaona wazazi wangu. Huko haikuwahi kukohoa.

"Bamayo," yule binti alisema, polepole, Kibemba chake kimelainika, "moteri haijui nyumba yako iko wapi."

Ulikuwa mkono wa bwana yangu. Alikuwa anabana gesi, ule mpini wa mwendo, na kuiachia, mara mbili, kila alipofika mbele ya uwanja wangu, ili nijue ni yeye. Kho, kho. Niko hapa. Miaka yote nilimfokea akaitengeneze, naye akacheka tu, akaniambia inasikia harufu ya bukari yangu. Aliniambia! Aliniambia kwa mdomo wake mbele ya watu, nami nikampungia mwiko. Nilikaa kwenye kile kiti kinachozunguka nikamtamani bwana yangu kwa namna ambayo sijui niiandikeje. Sikuitamani tena moteri. Nilitamani ule mkono, wenye mafuta kwenye kucha, na sikujua ni kompyuta gani ingenihifadhia huo.

Nilimweleza yaya. Akapangusa macho, akainuka, akaenda moja kwa moja kwa bwana yake aliyekuwa anakunja nyavu.

"Na weye?" alimuuliza. "Ya kwangu iko wapi?"

Mzee wa watu hakuelewa amekosa nini. Lakini kesho yake asubuhi, kati ya zile ngurumo zote zinazofanana, moja ikapanda juu na kushuka, ndefu, kama mbuzi anayeita. Yaya aliruka. Akateka maji bila kuja kontenani. Wanawake wengine wakaona, wakawabana waume zao. Basi ufukwe ukaanza kusema tena. Mmoja anavuta sauti ndefu, mwingine anaikatakata, mwingine, kijana aliyeoa juzi, anafanya madoido mpaka mhandisi akanipigia kuuliza kwa nini kisanduku chake kinaonyesha wazimu kila asubuhi. Nikamwambia kisanduku hakiumwi, ni salamu. Akacheka, akasema ataiandikia kompyuta isiihesabu kuwa ugonjwa.

Mbili fupi, zile za bwana yangu, hakuna aliyezichukua. Hatukukaa kikao, hakuna aliyekatazwa. Waliziacha tu. Nami kila asubuhi nilisikia majina ya waume wote wa Kashikishi yakitajwa juu ya maji, na pengo langu katikati yao, na wa kumuuliza ya kwangu iko wapi hakuwepo.

Halafu lori likaleta moteri zilizoundwa upya. Kazi yangu ni kuelekeza simu kwenye kila kibandiko kabla ya kuikabidhi. Nilielekeza kwenye moja, na kwenye kioo pakaandikwa moyo wake ulikotoka: Nchelenge, Kashikishi, na namba ambayo naijua kwa kichwa. Ilikuwa imepakwa rangi ya kampuni, inang'aa kama ya kanisani. Aliyekuwa amepangiwa ni mvuvi mmoja wa kambi za Chisenga, mtu mpole wa makamo, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Nilimkabidhi. Mkono wangu ulibaki juu ya moteri. Akangoja, kwa heshima, mpaka nikauondoa.

"Kuna tatizo, bamayo?"

"Hakuna. Enda muzuri."

Akawa analeta nayo samaki kila mara bandarini, anapita mbele ya uwanja wangu. Ngurumo laini kama za wengine. Nilijiambia imetosha: chuma kinafanya kazi, watu wanakula, ndivyo nilivyowahubiria. Lakini tamaa haihubiriwi. Siku alipokuja kontenani kwa ajili ya plagi, nikafunga macho, nikamwambia yote. Nikamwomba. Siku moja tu, akifika kwenye matete ya upande wetu, abane gesi aachie, mara mbili.

Alivua ile kofia. "Kesho, mukwai," alisema kwa heshima.

Asubuhi ile niliamka nikajionya. Utakaa, nilijiambia, utasikiliza, basi. Wewe ni mtu mzima, unajua ni nani anakuja. Nilikaa mlangoni, nikaishika mikono yangu katikati ya magoti. Yaya alikuwa kwenye chanja lake, anaongea na wenzake. Moteri zikaja. Ya mbuzi ikapita, yaya akaenda akarudi. Ya kijana wa madoido ikapita. Kisha ikaja moja, imetulia, ikafika kwenye matete, ikashuka.

Kho, kho.

Ilikuwa ya haraka kidogo. Yake ilikuwa inapumua katikati. Nilijua, nilijua kabisa kwamba siyo yeye, na nilipolijua hilo nilikuwa tayari nimesimama jikoni, sufuria iko motoni, maji ndani.

Nikatoka. Wanawake wote walikuwa wamegeuka wananitazama, moshi wa jiko langu unapanda juu ya nyasi. Maji yalikuwa yametekwa, na hayamwagwi. Yaya aliweka chini alichokuwa ameshika, akashuka ufukweni bila kuniuliza, akarudi na yule mtu wa Chisenga nyuma yake, kofia mkononi. Nilisonga bukari. Akanawa, akakaa kwenye kigoda cha bwana yangu, akala polepole, kila tonge, kwa adabu ya mtu aliyetumwa. Akashukuru. Alipoondoka aliwasha moteri akaenda zake moja kwa moja, hakurudia, na nilimshukuru kwa hilo.

Nikaosha sufuria. Nikakaa pale mlangoni nikangoja wanicheke. Siku ile nilingoja, na wiki nzima nilingoja, nikipita sokoni, nikipita kwenye machanja. Nilitamani wanicheke, hata mmoja, hata yaya ambaye nilimcheka mimi mpaka nikakaa chini, kwa sababu anayechekwa ni yule ambaye bwana yake bado anakuja. Hakuna aliyecheka.